Mwalimu Aliyetuteremsha Baharini

Mwalimu wetu wa darasa la tano hakujua kuchora, wala hakulificha hilo. Siku ya kwanza ya muhula alisimama mbele yetu na kipande cha chaki, akasema, "Mimi sijui kuchora. Nikichora kitu hapa, msikiamini mpaka mkakione chenyewe." Tulidhani anatania. Halafu ikafika siku ya kutufundisha viumbe wa baharini, akachora pweza.

Alichora duara kubwa, akaweka macho mawili, chini yake akashusha mistari iliyojikunja kila mmoja kivyake. Akarudi nyuma hatua kidogo kuitazama kazi yake. Sisi tulikuwa watoto wa juu, njia ya kwenda Mlalo, ambako ukungu wa asubuhi huingia darasani kwa madirisha na kukaa na wanafunzi mpaka jua likolee, na karibu kila mtoto mle ndani alitoka nyumba inayolima kabichi. Kutoka nyuma mtu mmoja akauliza, kwa heshima kabisa, "Samahani Mwalimu, hiyo kabichi mbona imeng'olewa na mizizi?"

Mwalimu aligeuka, akautazama ubao kwa muda. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akalazimika kushika meza. Alipotulia alichukua kifutio, akafuta pweza wake wote, akasema, "Hatuwezi kwenda hivi. Huyu inabidi tukamwone."

Kila darasa lililopita mikononi mwake lina hadithi yake ya namna hiyo. Dada yangu, aliyenitangulia, anasema kwao alichora papa likatokea jembe. Mimi huamini alikuwa akifanya makusudi, ili sisi wenyewe tuione haja ya kwenda. Dada anaapa kwamba hapana, mkono wake ulikuwa mbovu kweli, hata ramani ya Tanzania aliichora ikafanana na soksi. Tumebishana hivyo mpaka leo na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Sijui alizaliwa wapi, wala sikumbuki kumsikia akitaja ukoo wake. Tulimwita Mwalimu. Shuleni kulikuwa na walimu wengine na kila mmoja alikuwa na jina lake au somo lake, lakini ukitamka "Mwalimu" bila kuongeza neno, iwe sokoni, kanisani kwao au msikitini kwetu, watu walijua unamsema yeye.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sweta la kijivu ambalo mifuko yake ilikuwa imelegea kwa kubeba vitu. Ganda la konokono. Mbegu yenye mabawa. Bawa la nondo alilolifunga kwenye karatasi ya peremende lisikatike. Ukikutana naye njiani ukasema, "Shikamoo Mwalimu," aliitikia "Marahaba" mkono ukiwa umeshaingia mfukoni. "Hebu tazama hiki." Watu waliokuwa na haraka ya kufika gulioni walimkwepa. Wengi wao, nadhani, walikuja kujuta kumkwepa.

Hakuchapa. Ukikosa, alikutoa nje akakuweka mbele ya kitu kimoja: jiwe, kichaka, ukuta wa choo. "Kaa hapa. Ukiona jambo ambalo hujawahi kuliona, njoo uniambie." Mwanzoni tuliona ni raha. Baadaye tukagundua ni ngumu kuliko fimbo, kwa sababu ukirudi na la uongo alilijua hapohapo. Mimi niliwekwa mbele ya mgomba kwa kosa la kuongea darasani. Nikarudi mbio, "Mwalimu, jani moja limechanika."

"Hilo hujawahi kuliona?"

"Nimewahi."

"Basi rudi."

Nilirudi, nikakasirika, nikakaa. Nilipochoka kukasirika nikaanza kutazama. Pale jani linapoungana na shina palikuwa na maji yaliyotuama baada ya mvua, na ndani ya maji hayo kulikuwa na chura mdogo kama ukucha wangu, amekaa kama mtu aliye nyumbani kwake. Nilikimbia kumwita. Mwalimu alikuja, akapiga magoti kwenye tope, akasogeza uso karibu mpaka pumzi yake ikayatikisa maji. Alikaa hapo muda mrefu. Alisahau hata kuniambia kwamba adhabu imekwisha, nami nikapiga magoti kando yake, na tulipoinuka nguo zetu zilikuwa zimechafuka sawa.

Mwanafunzi akianza kujibu, "Kitabu kinasema," alimkatiza. "Kitabu nimekisoma. Wewe umeona nini?" Ukimwuliza jina la mdudu, alisema, "Jina litakuja. Tazama kwanza." Wakati mwingine jina halikuja, kwa sababu yeye mwenyewe hakulijua, na alilisema hilo kwa furaha, kama mtu anayetoa habari njema. "Huyu simjui! Simjui kabisa!"

Kila mwaka alilipeleka darasa la tano pwani. Tulishuka kwa lori ambalo siku nyingine zote lilipeleka mboga Tanga, tukalala katika madarasa ya shule moja ya kijiji kati ya Tanga na Pangani, na baada ya miezi michache watoto wa shule ile walipanda kwetu kuona ukungu na kula mapea. Walimu wengi walisema ni usumbufu. Somo limo kitabuni, picha zimo, kuna haja gani ya kuwahangaisha watoto? Yeye hakubishana nao. Alikwenda kuzungumza na mwenye lori.

Ajabu ni kwamba mtu aliyeipenda bahari kiasi kile hakuweza kula samaki. Harufu ilimshinda. Akina mama wa kijiji kile walitupikia pweza wa nazi, na yeye alijitenga na ugali wake na mchicha, akatutazama tunavyotafuna, akamwuliza kila mmoja, "Kikoje? Kigumu? Kitamu?" Tena aliogopa maji. Hakuwahi kuingia kupita vifundo vya miguu. "Mimi mtu wa mlimani," alisema. "Maji yangu ni ya kwenye ndoo."

Wala hakuna mtu niliyemjua aliyeiheshimu saa kama yeye. Safari aliipanga kwa mwezi, siku za bamvua, pale bahari inapojaa sana na kupwa sana. Siku hizo maji huondoka asubuhi na kuacha mwamba na mchanga wazi kwenda mbali, halafu hugeuka na kurudi. Wavuvi wa kule walimfundisha, naye akaweka saa yake mkononi kwa ajili ya kazi hiyo. Alituambia kabla hatujatoka mlimani, akarudia Mombo tulipovua masweta, akarudia tena kijijini: maji yakianza kurudi, nasi tunarudi, hata kama mtu ameshika nini.

Sheria yake nyingine ilikuwa kwamba hatuondoki na kitu. Kila kombe lirudi lilipotoka, kila jiwe lililogeuzwa lilalie upande uleule. Alikagua mifuko yetu kabla ya kupanda lori. Lakini sheria hiyo aliivunja mwenyewe, mwaka uliofuata baada ya wetu, kwa ajili ya mtoto wa jirani yetu.

Mtoto huyo aliitwa Zuhura. Aliugua kifua siku ya kuamkia safari yao, akalia mpaka sauti ikamkauka, lakini hakuwa mtu wa kusafirishwa. Waliporudi wenzake, Mwalimu hakwenda kwake kwanza. Alikuja moja kwa moja kwa akina Zuhura na dumu la mafuta ya kula alilolijaza maji ya bahari. Alikuwa amelipakata njia nzima, tangu pwani mpaka Mombo, na kona zote za kupanda Soni, akilishikilia lisilale.

Tulijaa mlangoni kutazama. Zuhura alichovya kidole, akalamba, akakunja uso, kisha akatabasamu. Mama yake akalamba. Bibi yake, mzee ambaye hakuwahi kushuka hata Mombo, akachovya, akalamba, akachovya tena.

"Yote iko hivi?" bibi aliuliza.

"Yote, bibi."

"Na kubwa yake?"

"Huoni mwisho."

Bibi akafikiri. "Nani aliyeitia chumvi?"

Mwalimu alisimama katikati ya chumba akarudia swali lile polepole, kama mtu aliyepewa zawadi. Kesho yake alilipeleka dumu shuleni. Maji yaliyobaki yalichemshwa kwenye sufuria juu ya mafiga, nje ya jiko la shule, na shule nzima ikazunguka. Mvuke ulikwenda, maji yakapungua, na chini ikabaki chumvi nyeupe imeshika sufuria. Zuhura, shingo imefungwa skafu, ndiye aliyepewa kijiko cha kuikwangua. Mwalimu akaeleza kwamba mvua inayonyesha kwetu huosha mawe na udongo wa milima, mito hushuka na kile ilichokiosha, ikakimwaga baharini, tangu zamani ambazo hakuna anayezijua. Maji hupanda tena kuwa mawingu, lakini chumvi hubaki. "Kwa hiyo," alisema, "kidogo ya hii imetoka hapa tunaposimama."

Zuhura alimpelekea bibi yake jibu hilo. Bibi aliitazama chumvi iliyokuwa kwenye kipande cha karatasi. "Basi ni yetu," alisema, akaimwagia kwenye mboga.

Sasa niseme ya safari yetu sisi, ambayo kwayo nusura nisiwepo kusimulia haya.

Tulifika kijijini giza limeshaingia, kwa hiyo bahari tuliisikia kabla ya kuiona. Mwenzangu aliuliza kama lile ni lori linalokuja. Tulisubiri lipite, halikupita. Asubuhi Mwalimu alituongoza kati ya minazi, na minazi ilipoisha tukasimama. Kwetu macho yakienda mbali yanagonga mlima mwingine. Pale yalikwenda tu, na hakukuwa na kitu cha kuyazuia. Nilishika sketi ya mwenzangu kwa hofu ya kuanguka, ingawa nilikuwa nimesimama mahali pa tambarare. Nilipogeuka kumtafuta Mwalimu nikamwona hatazami bahari. Alikuwa akitutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, mdomo wazi kidogo.

Maji yaliondoka kama alivyosema. Tulitembea juu ya mahali ambapo usiku palikuwa chini ya bahari. Tuliona jongoo bahari amelala kama soseji iliyosahauliwa. Tuliona kaa wakitukimbia kwa ubavu, na mdudu mwenye mikono mitano ambaye watu wa kule wanamwita kiti cha pweza. Kulikuwa na mama mmoja mkulima wa mwani, amefunga kanga mbili, akikaza kamba za shamba lake lililo ndani ya bahari. Jambo hilo la shamba baharini lilitushangaza kuliko kaa. "Mnapalilia?" tulimwuliza. Akacheka. "Tunapalilia, ndiyo. Majani mabaya yapo kila mahali."

Mwalimu wa michezo, aliyekuja nasi, alibaki na darasa karibu na ufuko. Sisi wachache tulimfuata Mwalimu mbali zaidi, mpaka kwenye mwamba wenye mashimo, na huko tukampata pweza.

Alikuwa ndani ya shimo lililobaki na maji, rangi yake ni ya mwamba wenyewe, na tusingemwona kama jicho lisingesogea. Mwalimu alichuchumaa. Sisi tukachuchumaa. Pweza akawa kahawia, akawa mweupe, akawa na mabaka, akaota vipele mwili mzima kama jiwe lililoota kuvu, akalainika tena. Alinyoosha mkono mmoja, akashika kipande cha jiwe, akakivuta kikaziba mlango wake nusu. Alituchungulia kwa juu yake. Hakuna aliyepumua kwa nguvu. Nikamsikia Mwalimu akisema taratibu, si kwetu, "Jamani. Jamani."

Sijui tulikaa hapo muda gani, na yeye pia hakujua. Saa ilikuwa mkononi mwake na hakuitazama.

Kilichotuamsha ni sauti. Mama wa mwani alikuwa akija mbio, kanga imelowa mpaka kiunoni, akipunga mikono. "Mwalimu! Maji! Maji yamerudi!"

Tuligeuka. Kati yetu na ufuko, mahali pa chini tulipovuka pakiwa pakavu, palikuwa na maji yanayotembea. Bahari haikutujia kwa mbele tulikokuwa tukiitazamia. Ilikuwa imepita pembeni, ikajaza bonde lililoko nyuma yetu. Ufukoni mwalimu wa michezo na darasa zima walikuwa wadogo, wakipiga kelele tusizozisikia.

"Shikaneni mikono," alisema mama wa mwani, "msiachiane." Tukakimbia. Hapo ndipo nilipokanyaga mdudu mmoja mweusi, wa mviringo, mwenye miiba mwili mzima. Miiba iliingia kwenye unyayo ikakatikia humo, nikaanguka, na nilipojaribu kusimama mguu ulikataa.

Mwalimu alisema, "Mama, tangulia nao. Huyu namleta mimi."

"Utaweza?"

"Tangulia nao!"

Akanigeuzia mgongo, akapiga magoti. "Panda, Hadija." Nilipanda. Aliingia majini. Yalimfika magotini, yalimfika kiunoni, na mkondo ulikuwa unamsukuma ubavuni. Alikuwa akitetemeka, nami kwa akili ya mtoto nikadhani anasikia baridi. Yalipomfika kifuani alisimama. Nilihisi amesimama kabisa, kama mtu ambaye miguu yake imekataa kumsikiliza.

"Hadija," alisema, na sauti ilikuwa yake ya darasani, "mimi nimekaza macho ufukoni, siwezi kutazama chini. Niambie unaona nini."

Nilitazama. Maji yalikuwa safi. "Naona majani, Mwalimu. Yamelala upande mmoja."

"Na nini?"

"Naona samaki. Wadogo. Wengi sana."

"Wanakwenda wapi?"

"Wanakwenda na maji. Wanakwenda tunakokwenda sisi."

"Wanapita wapi?"

"Hapa, ubavuni mwako. Wengine wanapita katikati ya miguu yako."

"Kweli?" alisema. Akapiga hatua. "Endelea kuniambia." Akapiga nyingine. Nilimwambia kila samaki niliyemwona, wenye mistari, wa fedha, mmoja bapa kama sahani, na aliendelea kutembea juu ya habari hizo mpaka maji yakashuka kiunoni, magotini, na mwalimu wa michezo akatupokea.

Alipofika mchangani alinishusha, akamgusa kila mtoto kichwani, darasa zima, hata wale ambao hawakuondoka ufukoni. Kisha akaketi. Mama wa mwani alinipaka utomvu wa papai bichi kwenye unyayo, na muda wote huo Mwalimu alishikilia mguu wangu kwa mikono miwili.

Tuliporudi mlimani, aliitisha mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu alisimama akaanza kusema palitokea ajali ndogo, mtoto mmoja kachomwa na miiba, anaendelea vizuri. Mwalimu akainuka.

"Samahani, Mwalimu Mkuu. Haikuwa ajali. Nilisahau saa. Nilikuwa namtazama pweza, na maji yakatuzunguka. Yule mama wa pwani asingetuona, leo tungekuwa tunazika. Nimeona ni vizuri mlisikie kutoka kwangu."

Nilikuwa nimekaa mlangoni, mguu umefungwa kitambaa. Kisha mama mmoja akasema safari zife leo. Mwingine akasema mwalimu wa namna hiyo asiachiwe watoto. "Sitabisha," Mwalimu alisema, akabaki amesimama.

Baba yangu aliomba nafasi. Alikuwa mkulima wa kabichi na karoti, mtu wa maneno machache, na kwa kuwa mimi ndiye niliyebebwa, watu walimgeukia. "Sema, mgosi," mwenyekiti alimwambia, kama wanaume wanavyoitana kwetu.

"Nimekuwa nikishusha mboga Tanga tangu sijaoa," baba alisema. "Nafika sokoni, nashusha, nageuza. Bahari iko palepale nyuma ya majumba. Sijawahi kwenda kuitazama. Sikuona ni kazi yangu." Akavua kofia, akaishika. "Huyu mtoto amerudi na mguu umevimba. Nilitaka kukasirika. Lakini kila jioni ananieleza habari za samaki wanaoingia na maji. Jana kanieleza mpaka chai ikapoa na mimi sikujua."

Akamtazama Mwalimu. "Umekosea. Nisingekusamehe kama ungeficha. Usiende tena na macho mawili tu. Safari nyingine wazazi tuwepo. Mimi nitakwenda."

Akakaa. Mkutano ulibishana mpaka jioni, lakini mtu wa pili akainua mkono, na wa tatu, na mama yule aliyetaka safari zife akauliza kama wanawake nao wanaruhusiwa.

Mwaka uliofuata lori lilishuka na watoto na watu wazima. Sikwenda, nilikuwa nimevuka darasa, ila niliwasikia waliokwenda wakicheka habari hiyo kwa wiki nzima: baba yangu kakunja suruali, kasimama pale wimbi linapofikia, na wimbi lilipovuta mchanga chini ya nyayo zake kapiga kelele, "Mwalimu! Ardhi inaondoka!" Naye akamjibu, "Tulia, Baba Hadija, inafanya hivyo kwa kila mtu." Baada ya hapo baba akawa mtu wa maji. Kazi yake ilikuwa kuwapa mgongo viumbe wote, kaa, pweza na jongoo, na kuitazama bahari tu. Akipiga mluzi, watu walirudi. Alisema Mwalimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka, kila mara, hata akiwa katikati ya neno. Baba aliifanya kazi hiyo mpaka magoti yalipomkataza, na safari zinaendelea hadi leo, na mtu wa maji yupo.

Mimi nimekuwa fundi cherehani, Lushoto mjini. Mwalimu alistaafu, akahamia Magamba, kwenye nyumba ndogo ambayo shamba lake linagusana na msitu. Hatukuonana kwa miaka. Kisha akanitumia mtu na kitambaa cha bluu, nimshonee gauni, na lilipokuwa tayari nikaamua kumpelekea mwenyewe.

Nilimkuta bustanini. Kabla sijafungua kinywa kumwamkia aliinua kiganja. Nikasimama na mfuko wangu. Alikuwa amezeeka, mgongo umepinda, nywele chini ya kilemba nyeupe kabisa. Alinielekeza kwa kidevu. Kwenye tuta alilokuwa amelitayarisha kwa ajili ya mchicha kulikuwa na kinyonga, mnene, akichimba. Alichimba kwa miguu ya mbele, akapumzika, akachimba. Jirani alikuwa ng'ambo ya uzio ameshika mdomo. "Mwalimu, muue huyo," alisema, "au mfukuze. Kinyonga si wa kumchekea." Wengi kwetu wanamwogopa, na sitasema kwamba mimi simwogopi.

"Anataga," Mwalimu alisema. "Hana habari na sisi."

Tulikaa mpaka kinyonga akamaliza, akafukia, akakanyaga udongo kwa nyayo zake kama mama anayeshindilia tuta la mboga, akapanda mti akaenda zake. Ndipo nikasema shikamoo. "Marahaba, Hadija. Mguu haujambo?" Mchicha hakuupanda. Alizungushia tuta lile vijiti, akawakataza kuku, na aliponisindikiza aliniambia mayai yale hukaa ardhini miezi mingi, wala hajui ni mingapi. "Huenda nikawaona," alisema, "huenda nisiwaone." Alisema kama mtu anayezungumzia mvua.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, simu ililia nikiwa na kitambaa cha mteja chini ya sindano.

"Shikamoo Mwal..."

"Marahaba, njoo. Wanatoka."

Nilifunga duka, nikapanda bodaboda. Nilipofika nilimkuta amelala kifudifudi juu ya gunia lililotandikwa kwenye udongo mbichi, yeye na umri wake, na gauni lile la bluu mwilini. Kila upande wake walikuwa wamelala watoto wa majirani, videvu chini. Jirani mwenyewe alikuwa ndani ya uzio safari hii, amechutama mbali kidogo, kanga imeziba nusu ya uso. Mwalimu alisogea bila kugeuka, akanipa nafasi. Nililala.

Chembe ya udongo ilitikisika. Ikaanguka pembeni. Kikatoka kichwa kisichozidi kichwa cha kiberiti, kikatulia, kisha mkono, kisha mkono wa pili, na kinyonga mzima akasimama juu ya ardhi, kila kidole kipo, mkia umejikunja kama unavyopaswa kujikunja. Nyuma yake udongo ukatikisika tena. Mwalimu alilaza kidole chake njiani. Yule mdogo alikifikia, akakipima, akapanda. Alimwinua taratibu mpaka usawa wa nyuso zetu. Jicho moja la kinyonga liligeukia huku, jingine kule.

"Anatutazama," mtoto mmoja alinong'ona.

"Ndiyo," alisema Mwalimu, kwa pumzi tu. "Na hajawahi kuona mtu mwingine." Kisha, kwa mkono uliokuwa huru, akaweka sawa kilemba chake.